Vidonge vya Damu na Maneno Tusiyoyasema

Mwanamke mmoja wa miaka 26 aliletwa wodi ya wazazi usiku akiwa na mimba ya tatu, ya wiki 38. Uchungu ulikuwa umeanza tangu mchana. Viganja vyake vilikuwa vimepauka, moyo ukimwenda mbio, na alishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 5.4. Kadi yake ya kliniki haikuwa na dosari: mahudhurio manne, na katika kila hudhurio alama ya vema kwenye kisanduku cha vidonge vya kuongeza damu. Kwa mujibu wa kadi ile, mama huyu alikuwa amekingwa. Mama mkwe wake alipofungua mkoba kutafuta kanga, viliporomoka vidonge vilevile, vikiwa vimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Nilipovihesabu baadaye nilikuta havijapungua hata kumi.

Alijifungua salama, kwa maana kwamba yeye na mtoto walitoka wodini wakiwa hai. Aliongezewa uniti tatu za damu, moja ikiwa imetolewa na shemeji yake, na mtoto alizaliwa na uzito wa kilo 2.1. Siku ya tatu, alipoweza kuketi, nilimwuliza kwa nini hakumeza dawa. Alijibu bila kinyongo. Siku ya nne tangu aanze kumeza, choo chake kilikuwa cheusi kama masizi, naye akaamini kwamba dawa inamwunguza tumboni. Jirani yake alimwambia aache. Nilipomwuliza kwa nini hakutueleza kliniki, alisema, "Hamkuniuliza, daktari. Nami niliona nikisema nitaonekana mkaidi."

Moja kati ya alama zile nne ilikuwa na sahihi yangu pembeni.

Naandika makala haya nikiwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, lakini hoja yangu si ya kibingwa. Nadai kwamba katika vita yetu dhidi ya upungufu wa damu kwa wajawazito, kidonge tunacho, ushahidi tunao, na mwongozo upo ukutani. Kinachokosekana ni mazungumzo ya dakika mbili kati ya anayetoa na anayepokea. Nadai pia kwamba kosa la kukosekana kwa mazungumzo hayo ni letu sisi watumishi wa afya kabla halijawa la mama.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Mjamzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu pale himoglobini yake inapokuwa chini ya gramu 11 kwa desilita, na upungufu huo huitwa mkali inaposhuka chini ya 7. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta kuwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na kwa waliokuwa wajawazito wakati ule idadi ilifika asilimia 57. Katika benchi la kliniki lenye akina mama kumi, basi, watano au sita wanahusika, na wengi wao hawajihisi wagonjwa. Upungufu wa damu huja polepole, na mwili huuzoea. Mama husema "nachoka tu", nasi humjibu kwamba mimba ndivyo ilivyo.

Katika utafiti huohuo, ni takribani mwanamke mmoja kati ya watano aliyesema kwamba alimeza vidonge vya madini ya chuma kwa siku 90 au zaidi katika ujauzito wake wa mwisho. Wakati huohuo, karibu wanawake wote walihudhuria kliniki angalau mara moja. Pengo kati ya takwimu hizi mbili ndilo ninalolizungumzia. Wanawake hawa hawakujificha porini. Walikuja mlangoni kwetu, tuliwapima tumbo, tukawaandikia, wakaondoka.

Mara nyingi nasikia wenzetu wakisema kwamba tatizo ni lishe, na kwamba mama akila vizuri hana haja ya vidonge. Ushauri wa lishe ni mwema, nami hutoa kila siku. Lakini inafaa tupige hesabu. Ujauzito mmoja hudai takriban miligramu 1,000 za chuma: kiasi cha 300 huenda kwa mtoto na kondo la nyuma, kiasi cha 500 hutumika kutengeneza chembe nyekundu za ziada za mama, na kinachobaki hufidia kile ambacho mwili hupoteza kila siku. Katika nusu ya pili ya mimba mama huhitaji kufyonza miligramu 5 au zaidi kwa siku. Chukua mlo wetu wa kawaida wa ugali, maharage na mboga za majani. Chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida kwa sababu nafaka na jamii ya kunde zina viambata vinavyokishika, kwa hiyo kinachoingia mwilini aghalabu hakizidi sehemu moja ya kumi. Hata mlo huo ukiwa na miligramu 15 za chuma, mama anapata moja au moja na nusu. Nyama, maini, samaki na dagaa hufyonzwa vizuri zaidi, ila si kila nyumba inayoweza kuviweka mezani kila siku. Mwanamke aliyeingia kwenye mimba akiwa na akiba ndogo, baada ya hedhi nzito, kuzaa kwa kufuatana na kunyonyesha, hawezi kulilipa deni hili kwa mchicha peke yake. Kidonge kimoja cha FEFO hubeba takriban miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito ameze kila siku chuma kati ya miligramu 30 na 60 na asidi ya foliki miligramu 0.4, na linapendelea kiwango cha 60 katika nchi ambako upungufu wa damu umewafikia asilimia 40 au zaidi ya wajawazito. Sisi tumo katika kundi hilo.

Hapa niseme neno juu ya juisi nyekundu. Akina mama wengi huniambia kwamba wanakunywa rozela au kiazisukari kila asubuhi "kuongeza damu". Kinywaji hicho hakina ubaya, lakini wekundu wake unatokana na rangi za mmea, hautokani na chuma. Anayekitegemea badala ya kidonge anajidanganya kwa macho.

Sasa nirudi kwenye choo cheusi, kwa kuwa nimegundua kwamba jambo hili dogo ndilo linaloachisha dawa wanawake wengi kuliko hoja zote za kitaalamu. Chuma ambacho utumbo haukukifyonza hutoka na kinyesi na kukigeuza rangi kuwa cheusi au kijani iliyokolea. Hakuna kinachoungua, na hakuna damu inayooza. Kwa hakika, choo cheusi ni ushahidi kwamba mama anameza. Maneno haya huchukua muda mfupi kuliko kuandika jina la dawa. Hata hivyo, katika vituo nilivyopita nikiwa mwanafunzi, daktari wa mafunzo, na sasa bingwa, sikumbuki kuyasikia yakisemwa kwa mama anayekabidhiwa vidonge kwa mara ya kwanza. Husemwa baadaye, mama akirudi analalamika. Asiyerudi hayasikii.

Kichefuchefu, kiungulia, kufunga choo na ladha ya chuma mdomoni ni mambo ya kweli, wala si visingizio. Mama anayetapika katika miezi mitatu ya kwanza huona kidonge kama adui. Anaweza kukimeza usiku kabla ya kulala. Anaweza kukimeza pamoja na chakula kidogo, ingawa ufyonzaji utapungua. Kidonge kinachofyonzwa nusu ni bora kuliko kile kinachokaa kabatini. Maji ya kutosha na matunda kama papai husaidia choo. Akisahau siku moja, aendelee kesho yake na kidonge kimoja, asifidie kwa viwili. Mwili una homoni iitwayo hepsidini, na dozi kubwa ya chuma huiamsha homoni hiyo ikaubana mlango wa utumbo kwa takriban siku nzima, hivyo kuvimeza kwa mkupuo huongeza maumivu ya tumbo kuliko kinavyoongeza damu.

Kuna chai pia. Katika nyumba nyingi, dawa zote humezwa asubuhi kwa chai ya rangi au ya maziwa, kwa sababu ndicho kinywaji kilicho moto na mezani. Chai ina tanini, ambazo hushikana na chuma tumboni, na kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na mlo kinaweza kupunguza ufyonzaji wa chuma cha mlo huo kwa zaidi ya nusu. Kahawa ina kasoro kama hiyo, na maziwa nayo yana kalsiamu inayoshindana na chuma. Mama anayemeza kidonge kwa maji, saa moja au mbili mbali na chai, na baada yake akala chungwa, pera au ubuyu, anapata faida ambayo jirani yake, mwenye kidonge kilekile na chai ya maziwa, haipati. Mtu anaweza kumeza kwa uaminifu miezi sita, damu isipande, akaishia kulaumiwa kwa uongo. Nimewahi kumlaumu mmoja. Alikuwa akimeza kwa chai ya saa moja asubuhi, kila siku, bila kukosa.

Naamini pia kwamba jina tulilolipa dawa hii linatuponza. Tunaiita "dawa ya kuongeza damu". Mama aliyeambiwa kwamba damu yake ni 11.8 huona haina haja ya kuongezwa, naye huacha, ilhali kidonge kilikusudiwa kuilinda isishuke katika miezi mitatu ya mwisho. Mwenye shinikizo la damu husikia "kuongeza damu" na kuogopa kwamba itampandisha presha, kwa kuwa katika lugha yetu ya kila siku mambo hayo mawili yanasogeleana mno. Wapo wanaoogopa kwamba damu ikiwa nyingi itamwagika zaidi siku ya kujifungua, au kwamba mtoto atakuwa mkubwa na mama atapasuliwa. Kinyume chake ndicho tunachokiona wodini. Uchambuzi wa kundi kubwa la wanawake wenye upungufu wa damu waliojifungua Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kadiri upungufu ulivyokuwa mkali ndivyo hatari ya kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, na ya kufa, ilivyoongezeka. Kiasi cha damu ambacho mwanamke mwenye 12 anakipoteza na kusimama kesho yake, mwenye 6 anakipoteza na kuzimia mezani. Mimi siku hizi husema "vidonge vya kulinda damu". Sidhani kama jina hilo litaenea, lakini angalau hunipa nafasi ya kulieleza.

Wazee wa pwani walikuwa na neno safura, kwa ugonjwa wa minyoo unaomfanya mtu apauke, avimbe uso na kutamani udongo. Neno hilo lilikusanya kwa pamoja mambo ambayo sisi tumeyatenganisha katika sura tofauti za vitabu. Udongo wa kula bado unauzwa sokoni, umepangwa mafungu, na wanunuzi wengi ni wajawazito. Tunapowakuta nao tunawakaripia. Ni afadhali tuwapime. Hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi huandamana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kushikana na chuma cha chakula na kuleta mayai ya minyoo. Dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza ni sehemu ya kinga ya damu, sawa na chandarua na dozi za SP.

Kwa watumishi wenzangu, kuna hofu moja ambayo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana haikuzuka hewani. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Pemba, ambako watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki katika eneo lenye malaria nyingi walilazwa na kufariki zaidi ya wale ambao hawakupewa. Utafiti huo ulibadilisha sera duniani, na ilikuwa haki ubadilishe. Lakini baadhi yetu tuliuchukua matokeo yake kutoka kwa mtoto na kumvika mjamzito. Swali la mjamzito lilijibiwa peke yake mwaka 2015, mara mbili, na mara zote mbili katika ukanda wetu. Magharibi mwa Kenya, wajawazito 470 waligawanywa kati ya waliopewa miligramu 60 za chuma na waliopewa kidonge kisicho na dawa; malaria haikuonekana kuongezeka, na watoto wa kundi la chuma walizaliwa wakiwa na uzito zaidi kwa wastani wa gramu 150. Dar es Salaam, wanawake 1,500 ambao hawakuwa na upungufu wa chuma wala wa damu walifuatiliwa kwa namna hiyohiyo, na malaria ya kondo la nyuma haikuongezeka. Wanawake wa tafiti hizo walikuwa wakipata kinga ya malaria, na hilo ndilo sharti: chuma na kinga ya malaria viende pamoja. Anayempa mama FEFO bila kumwuliza kama analala ndani ya chandarua amefanya nusu ya kazi.

Kosa lililo la hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni asidi ya foliki ya miligramu 5. Vidonge hivyo vinapatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa, na kituo kikiishiwa FEFO, mama huambiwa akanunue "foliki" bila kutajiwa kipimo. Kiwango hicho kikubwa kinaweza kudhoofisha nguvu ya SP dhidi ya vimelea vya malaria. Mama anayemeza SP kliniki na foliki ya miligramu 5 nyumbani anabomoa kwa mkono mmoja anachojenga kwa mwingine, naye hajui. Ukimwandikia mama akanunue, andika kipimo. Wapo wanaohitaji kiwango kikubwa, kama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, lakini huo ni uamuzi wa daktari, wala haupaswi kutokana na kilichokuwepo rafuni.

Nimesema kidonge ni kinga. Nisieleweke kwamba ni tiba ya kila kitu. Mama aliyekwisha kuwa na 9 anahitaji dozi ya matibabu, ambayo ni takriban maradufu ya ile ya kinga, na kipimo cha kurudia baada ya wiki nne. Kama anameza vizuri na damu haipandi, tafuta sababu nyingine: malaria, minyoo, kichocho, maambukizi ya VVU, selimundu. Mgonjwa wa selimundu, hasa aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi, anaweza kuwa na chuma cha kutosha mwilini na asihitaji zaidi. Na mama mwenye 6 katika wiki ya 36 hapaswi kurudishwa nyumbani na kifuko cha FEFO na maneno ya kumtia moyo. Muda hautoshi. Apewe rufaa siku hiyohiyo kwenda mahali penye damu, au penye chuma cha kuwekwa mshipani. Nimeona kadi zenye "Hb 6.2, endelea na FEFO". Aliyeandika vile hakuwa mzembe. Pengine alikuwa peke yake, akiwa na akina mama 60 benchini. Lakini yule mama aliufika usiku wake.

Baadhi ya madaktari wenzangu hupinga kumpa kila mjamzito chuma bila kupima akiba yake kwanza, wakitoa mfano wa Uingereza, ambako hutolewa kwa anayehitaji. Hoja yao ina mantiki mahali ambapo wenye upungufu ni wachache na maabara ipo mlangoni. Hapa kwetu, ambako zaidi ya nusu wanaathirika na kipimo cha feritini hakipo katika zahanati, kusubiri kipimo ni kumsubirisha mgonjwa. Ninachokubali katika hoja yao ni kwamba himoglobini ipimwe kweli, kwa mashine, katika hudhurio la kwanza na tena katika miezi ya mwisho. Kuvuta kope la chini na kutazama wekundu wake si kipimo. Kope la yule mama liliandikwa "limepauka kidogo".

Historia ya asidi ya foliki nayo ina jambo la kutufundisha kuhusu kuuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari wa Kiingereza Lucy Wills alikwenda Bombay kuchunguza upungufu mkali wa damu uliowaua wajawazito, wengi wao wakiwa wanawake maskini wa viwanda vya nguo. Hakuanza na dawa. Alianza kwa kuchunguza walivyoishi na walichokula, na kutoka hapo akafikia dhana kwamba chakula chao kimepungukiwa na kitu. Mwaka 1931 alichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba dondoo la hamira, hata lile la bei nafuu liitwalo Marmite, liliwaponya. Kitu chenyewe kilichokuwa ndani yake kilitambuliwa miaka kumi baadaye, kilipotengwa kutoka kwenye majani ya spinachi mwaka 1941 na kuitwa asidi ya foliki. Kidonge tunachokitupa mezani leo bila neno kilitokana na mtu aliyeuliza wanawake wanakula nini.

Siku hizi kuna matumaini makubwa juu ya vidonge vipya vyenye vitamini na madini 15 kwa pamoja. Matumaini hayo yana msingi, na sehemu ya msingi huo imetoka hapahapa: utafiti wa Dar es Salaam wa wajawazito 8,468 wasio na maambukizi ya VVU, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba vitamini nyingi zikiongezwa juu ya chuma na foliki, watoto wenye uzito pungufu walipungua kutoka asilimia 9.4 hadi 7.8. Mwaka 2021 vidonge vya namna hiyo viliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nitafurahi vikifika kila zahanati. Lakini navyo vina chuma, navyo vitaleta choo cheusi, navyo vitamezwa kwa chai. Tukiviletea utaratibu uleule wa kuweka alama ya vema na kuita "mwingine", vitafungwa kwenye kitambaa kilekile.

Nawe mama unayesoma haya ukiwa na mimba, au unayeitarajia: usisubiri tumbo lionekane. Njia ya uti wa mgongo wa mtoto hufungika ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito, kwa hiyo asidi ya foliki ina manufaa makubwa zaidi ikianza kabla. Ukianza vidonge wiki ya 12 una takriban vidonge 196 mbele yako hadi kujifungua. Ukianza wiki ya 24, ni 112 tu, na deni ni lilelile. Endelea kumeza kwa wiki sita hadi kumi na mbili baada ya kujifungua, kama utakavyoelekezwa. Viweke mbali na watoto, juu kabisa, kwa sababu vidonge vichache vya chuma vinaweza kumwua mtoto mdogo anayedhani ni peremende. Mweleze mumeo au mama mkwe ni vidonge vya nini, maana nimekutana na wanawake wanaovificha wakiogopa kudhaniwa kwamba ni dawa za VVU. Na ukiacha, sema umeacha. Hutapewa adhabu.

Hilo la mwisho ni ahadi ambayo sisi ndio tunapaswa kuitimiza. Katika kliniki ninayofanyia kazi, tangu usiku ule, tunamwomba mama aje na vidonge vilivyobaki, na pembeni ya alama ya vema tunaandika kwa penseli idadi yake, kwa kuwa kadi haina nafasi ya kuiandika. Hatuulizi "unameza?", kwani jibu lake ni "ndiyo" kila mara. Tunauliza, "Vinakusumbuaje?" na, "Unavimeza na nini?" Majibu yamekuwa marefu kuliko nilivyotarajia. Mmoja alikuwa akivisaga na kumpa mwanawe wa miaka miwili aliyepauka, na ilibidi mtoto aitwe siku hiyohiyo.

Muuguzi mkunga ninayemheshimu sana ameniambia kwamba foleni imeongezeka, na kwamba mimi huja kliniki mara mbili kwa wiki ilhali yeye yupo pale kila siku. Ana haki. Tumekubaliana kwamba maswali yale yataulizwa kwanza kwa wenye mimba ya kwanza na kwa wote walio chini ya 11, na kwamba habari ya choo cheusi itasemwa asubuhi, mbele ya benchi zima, kabla kadi ya kwanza haijafunguliwa. Ameomba nami niwe naisema, siku ninazokuwapo.